Manati Chini, Daftari Mkononi

Hapa Rumonge kijana mmoja akiona ndege hutafuta manati. Mwingine hutoa simu ampige picha. Huyu wa pili ni bora, lakini nionavyo mimi yafaa aongeze kitu kimoja, nacho ni daftari. Picha isiyo na tarehe wala mahali ni pambo tu.

Mtazameni mdiria mweusi na mweupe: husimama hewani juu ya ziwa la Tanganyika, mabawa yakipiga, kisha hujitupa majini kumkamata samaki. Mtazameni mnana dume akichana jani la mchikichi ili asuke kiota chake. Andikeni siku, saa, mahali, na ni wangapi. Kurasa za miaka 10 zitatuonyesha ni ndege gani wanaopungua, ufukoni na katika msitu wa Kigwena, kusini yetu, uliozungukwa na mashamba.

Ila kiota tukitazame kwa mbali. Mama akifukuzwa na mpiga picha, kunguru huja akayala mayai. Nanyi wanafunzi wa zamani wenye kamera, tuleteeni picha zenu, tarehe zimeandikwa nyuma.