Tusome kibati kabla ya kushukuru zawadi

Wahenga walinena kwamba kila mlango na ufunguo wake. Methali hii ilinijia nilipokuwa nimesimama kando ya kisima kirefu cha shule moja ya upili katika Kaunti ya Kitui. Wafadhili kutoka Marekani walikuwa wameiletea shule hiyo pampu ya umeme, mpya kabisa. Ilifungwa, ikabarikiwa kwa sala na nyimbo, swichi ikabonyezwa. Mota ilinguruma vizuri. Maji hayakutoka hata tone.

Lawama zikaanza. Kuna waliosema kisima kimekauka, na kuna waliomshuku fundi. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyeinama akasoma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota. Kiliandikwa volti 230, jambo lisilo na tatizo kubwa kwetu. Karibu na hapo paliandikwa 60 Hz. Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa fitina.

Umeme unaotufikia kwa nyaya za kampuni ya umeme ni wa mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo wake huku na huku. Nchini Kenya, kama ilivyo Tanzania, Uganda na sehemu kubwa ya ulimwengu, mizunguko hiyo ni 50 kwa kila sekunde. Marekani ni 60. Mota ya kawaida ya pampu huufuata mzunguko huo kama mcheza ngoma afuatavyo mpigo. Mota iliyoundwa kwa mpigo wa 60, ikipewa wa 50, huzunguka kwa takriban sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake.

Msomaji atauliza: je, hasara ya sehemu moja kati ya sita ni kubwa hivyo? Kwa feni ya mezani, la. Kwa pampu ya kisima, ni kubwa mno, kwa sababu kimo ambacho pampu huweza kuyapandisha maji hupungua kwa mraba wa kasi. Tano juu ya sita, ukiizidisha kwa yenyewe, ni 25 juu ya 36, yaani asilimia 69 hivi. Pampu ile ilikuwa na uwezo wa kupandisha maji mita 90. Hapa petu ingeweza mita 62 na ushei. Kutoka uso wa maji kisimani hadi kwenye tangi palikuwa na mita 70. Isitoshe, mota ya namna hiyo hufyonza mkondo kupita kiasi na kupata joto, na ikiachwa hivyo huungua.

Dawa ya ugonjwa huu ipo. Ni kifaa cha kubadili marudio ya umeme. Kwanza huufanya mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri. Kisha transista zake, zinazofunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, huukatakata mkondo huo na kuuumba upya kuwa mkondo geu wenye marudio yatakiwayo. Kifaa cha jamii hiyo hiyo ndicho kinachoendesha pampu nyingi za jua ambazo sasa twaziona Kitui na Makueni. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, nacho huugeuza; jua likiwa changa asubuhi, huizungusha mota polepole kwa marudio machache, na jua la utosi likifika, huipa kasi yake kamili.

Katika taaluma yangu ya lugha jambo hili si geni. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Washairi wa Mombasa walikuwa na haki ya kunung'unika, kwani lahaja yao haikuwa duni. Lakini sanifu haipatikani kwa ubora peke yake. Hupatikana kwa kukubaliana. Vivyo hivyo, 50 si takatifu kuliko 60. Faida ni kuwa sote tumeshika moja. Ndiyo maana gridi za Kenya na Tanzania ziliweza kuungana moja kwa moja mwishoni mwa mwaka 2024.

Asiyeamini na aitazame Japani. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani ya 50, na Osaka ya Kimarekani ya 60. Nchi ikagawika hivyo hadi leo. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, mashariki ilikosa umeme, na magharibi haikuweza kuisaidia ipasavyo, kwani vituo vya kubadili marudio vilivyokuwapo vilipitisha takriban megawati 1,000 tu.

Ninalalamikia nini, basi? Siwalaumu wafadhili, walitoa kwa moyo. Nasikitika kwamba kibati kilisomwa mwisho, baada ya sherehe. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti huduma za maji. Nionavyo mimi, kila kaunti iweke sharti jepesi: pampu yoyote, ya kununuliwa au ya zawadi, isifungwe kabla fundi hajaandika na kutia sahihi volti zake, marudio yake na kimo iwezacho, akavilinganisha na kisima chenyewe.

Sisi walimu nasi tuna deni. Wanafunzi wetu hukariri kanuni za umeme kwa Kiingereza wakapasi mtihani, kisha wakashindwa kumweleza mzazi kamati ya maji inanunua nini. Kamusi zetu za sayansi zimetupa mkondo geu na mkondo mnyoofu. Kuhusu idadi ya mizunguko, wengine husema masafa, kama watangazaji wa redio. Mimi naona marudio yafaa zaidi, kwa kuwa masafa ni umbali. Tubishane, lakini tuyatumie maneno haya darasani na barazani. Mwalimu wa Kiswahili na wa fizikia wakiwapeleka wanafunzi siku moja kwenye kisima cha jirani wakasome kibati pamoja, watakuwa wamefundisha masomo mawili kwa mpigo mmoja.

Shule ile hatimaye ilinunua pampu nyingine. Ile ya zawadi imo ghalani, ingali inang'aa. Akina mama wa kijiji walisubiri maji miezi minne zaidi, wakiendelea kuchota kwenye mchanga wa mto, kwa sababu ya tarakimu mbili ambazo hakuna aliyezisoma kwa wakati.