Baada ya Uzamivu, Kuna Nini?

Nilipokuwa likizoni Kasulu, shangazi yangu aling'oa shina la muhogo ambalo majani yake, kwa macho yangu, yalikuwa mazima kabisa. Alipoukata mzizi, ndani mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama gome. Akaniuliza, "Mwanangu, si unaitwa daktari?" Nilimweleza kwamba udaktari wangu ni wa siasa, si wa mimea. Akasema, "Basi hao wa mimea wako wapi?"

Swali hilo ndilo ninaloliandikia leo.

Ugonjwa ule ni michirizi ya kahawia. Ulielezwa kisayansi mwaka 1936 katika kituo cha Amani, milimani Usambara. Kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa ni balaa la mwambao tu. Katika miaka ya 2000 ukaanza kuenea katika nyanda za juu za ukanda wa maziwa makuu. Huenezwa na inzi weupe, pia na vipando ambavyo wakulima hupeana kwa wema. Ugonjwa wa namna hii hauchunguzwi kwa safari ya wiki moja. Unahitaji mtu wa kuufuata shambani, msimu hadi msimu.

Mtu huyo tunaye. Ninamfahamu mwenzangu aliyehitimu uzamivu katika elimu ya virusi vya mimea. Siku hizi anafundisha kozi tatu na kusahihisha mamia ya mitihani. Kwetu, anayehitimu uzamivu kwa kawaida hupewa chaki papo hapo. Ile miaka miwili au mitatu ya utafiti mtupu, ambayo kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani ni ngazi ya kawaida, huku hutegemea zaidi fedha za mradi wa mfadhili. Mradi ukifungwa, na ngazi huondolewa.

Yuko atakayeuliza: kwa nini tugharimie watafiti ilhali shule zetu hazina maabara? Hoja hiyo ni nzito, lakini mlo wa mtoto wa shule Kibondo ni ugali wa muhogo huohuo. Tena mkoa wetu unajua thamani ya subira. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Alichopewa ni muda wa kukaa na kutazama. Sokwe wa Gombe wamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka sitini. Muhogo wa Waha haustahili hata mitatu?

Pendekezo langu ni dogo. Serikali na vyuo vikuu vianzishe nafasi chache za utafiti baada ya uzamivu katika sayansi za viumbe, zenye mkataba wa miaka mitatu, mshahara unaoeleweka na fungu la utafiti lililo mikononi mwa mtafiti mwenyewe. Na kituo chake cha kazi kiwe Kasulu au Kibondo, si Dar es Salaam.

Shangazi bado anasubiri jibu, na msimu wa kupanda hausubiri.