TAHARIRI: MASHINE YA MAJI ISIUZWE KABLA HAIJACHUNGUZWA



Tumesikia, na wengi wenu mmesikia vilevile huko kisimani, kwamba mashine ya maji ya bustani yetu imekufa, na kwamba katika mkutano wa Jumamosi itatolewa hoja iuzwe kama chuma chakavu. Sisi wa ubao huu tunaipinga hoja hiyo. Siyo kwamba tunapenda vitu vikuukuu. Tunapinga kwa sababu mpaka leo hakuna mtu aliyeichunguza. Kilichofanyika ni kuvuta kamba tu. Wamevuta vijana, wamevuta wazee, kamba imekatika mara mbili, na kila aliyechoka kaondoka akisema imekwisha. Huku nyanya na mchicha wa ushirika vinanyweshwa kwa ndoo, vichwani mwa kina mama.

Injini ile ni ndogo, ya petroli, ya silinda moja, ndugu ya zile zinazofungwa kwenye mashine za kukata majani huko mjini. Haina siri nyingi. Inataka petroli safi, hewa, moto wa plagi kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Basi tuanze na kile kisichotaka fedha.

Mashine ilifungiwa stoo masika yote, na petroli ndani ya tanki. Petroli siyo asali, haikai. Ikipita miezi miwili mitatu huchuja nguvu, na ile iliyobaki ndani ya kabureta hukauka ikaacha utandu kama gundi, ukaziba kijitundu cha jeti. Sisi tunadhani ugonjwa uko hapa hapa. Imwagwe yote, isiongezwe mpya juu ya ile ya zamani. Chini ya bakuli la kabureta pana skrubu. Ilegezwe, na kinachotoka kikingwe kwenye chupa nyeupe. Kisipotoka kitu, njia imeziba huko juu. Kikitoka na maji, maji yatakaa chini ya petroli na kila mtu atayaona. Na kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tanki kitazamwe pia, maana kikiziba mashine huwaka dakika chache halafu huzimika, watu wakadhani ni jini.

Kabureta ikifunguliwa ioshwe kwa petroli safi, ipulizwe. Jamani, sindano hapana! Jeti ikitanuliwa, mashine itakunywa mafuta kama mlevi na kutoa moshi mweusi, na hapo ndipo gharama itakapoanza.

Petroli ya chupa ya kando ya barabara nayo tuiogope. Kuchanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli kulikithiri nchini, hata mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wakose faida. Bei ilipanda, lakini tamaa ya watu haikwisha.

Baada ya hapo, plagi. Itolewe mara tu baada ya kuvuta kamba. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, ila moto hakuna au choki imezidishwa. Ikiwa na masizi mengi, chujio la hewa huenda limejaa vumbi, likung'utwe au lioshwe. Isafishwe, mwanya wake uwe kama milimita 0.7 hadi 0.8, irudishwe kwenye kofia yake, chuma chake kigusishwe kwenye injini, kamba ivutwe, tuone kama cheche inaruka. Kazi hiyo ifanyike mbali na petroli iliyomwagwa, na asiwepo mwenye sigara!

Oili nayo ipimwe mashine ikiwa mahali tambarare. Injini nyingine za aina hii zina swichi inayokata moto oili ikipungua, mtu akavuta kamba mpaka bega likateguka, kumbe tatizo ni oili tu.

Vyote hivyo vikiwa sawa, na bado kamba inavutika laini bila ukinzani, basi mgandamizo hakuna. Ringi zimekwisha, au valvu hazifungi, au gasketi imepasuka. Hapo tutakubali maneno ya kuuza yazungumzwe, tena kwa hesabu ya fundi mkononi, siyo kwa kukisia.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati iahirishe hoja hiyo kwa juma moja. Vijana wanaotengeneza pikipiki hapa kijijini wanazifahamu kabureta vizuri, na wawili wamekubali kuja stoo Alhamisi saa 10 jioni. Anayetaka kuona kwa macho yake aje. Na mwenye spana namba 10 aje nayo, kwani ile ya ushirika haijaonekana tangu wakati wa kupanda mahindi.