Aliyepelekwa mbali ana haki ya kuulizwa



Katika kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, ipo amri ya baba yake ambayo aghalabu tunaipita haraka. Miaka mingi ilikwishapita tangu mtoto apotee. Hata hivyo Nabii Yaaqub aliwaamrisha wanawe watoke wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Allah. Mzee huyo alikuwa mwingi wa dua, na pamoja na dua zake alituma watu waulizie.

Ziwa letu nalo lina watu waliotolewa makwao kwa nguvu. Mmoja wao ni Nuhu Mbogo, ndugu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda. Alipofariki Kalema mwaka 1890, Mbogo ndiye aliyeshika uongozi wa Waislamu wa Buganda, ambao wakati huo walikuwa wamesukumwa hadi mpakani mwa Bunyoro. Mwaka 1892 alipatana na Kapteni Lugard, akarejea karibu na mji mkuu pamoja na watu wake.

Amani hiyo haikudumu. Mwaka 1893 Waingereza waliingiwa na hofu kwamba askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Selim Bey wangeungana na Waislamu wa Buganda kuasi. Selim alikamatwa, akafariki njiani akipelekwa pwani. Mbogo alihamishiwa Zanzibar. Reli haikuwapo bado, kwani ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896. Safari ya kutoka ziwani hadi baharini ilikuwa ya misafara ya miguu. Allah alimjaalia kurejea kwao mwaka 1895, akaishi hadi 1921. Mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli, mahali unaposimama msikiti mashuhuri wa Kampala.

Mwana wa nduguye, Kabaka Mwanga, yeye alipitia hapa kwetu. Baada ya kushindwa vita mwaka 1897 alikimbilia upande wa Wajerumani, wakamshikilia Mwanza, naye akatoroka kurudi vitani. Mwaka 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, wakapelekwa visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa Buganda mwaka 1910. Kabalega aliruhusiwa kurejea mwaka 1923, lakini mauti yalimkuta Jinja, kabla hajaikanyaga tena ardhi ya Bunyoro.

Tunawezaje kuzifuata nyayo za watu hawa mwaka kwa mwaka? Walikuwa watu wa enzi. Makarani wa waliowafunga waliandika habari zao, na koo zao hazikuacha kuwaulizia. Lakini wafalme hawasafiri peke yao. Walikuwapo wapagazi, watumishi na askari wa kawaida waliobebwa na misukosuko hiyo hiyo, na wengi wao hatuwajui hata majina. Mnyonge hana karani. Asipoulizwa na jamaa zake, hakuna atakayemwuliza.

Jambo hili si la wafalme wala si la zamani tu. Ni familia ngapi hapa Nyakato zina baba aliyekwenda visiwani kuvua, kaka aliyekwenda machimboni, au binti aliyekwenda ughaibuni kufanya kazi, kisha simu ikanyamaza? Mwaka wa kwanza huulizwa kila siku. Mwaka wa tano hutajwa siku ya Idi. Mwaka wa kumi watu huanza kugawana shamba lake.

Hapo ndipo sheria ya Allah inapotusimamisha. Mwanafiqhi humwita mtu huyo mafqud, yaani aliyepotea bila kujulikana kama yu hai au amekufa. Mali yake haigawanywi kwa dhana. Akifiwa na anayemrithi, fungu lake huwekwa. Mkewe haolewi kwa maneno ya majirani. Ni lazima uthibitike ushahidi wa kifo chake, au kadhi atoe hukumu baada ya uchunguzi, ndipo eda na mirathi vifuate. Na kadhi atachunguza nini ikiwa familia haikuweka kumbukumbu yoyote?

Kwa hiyo, kila nyumba na iwe na daftari. Andikeni jina la anayesafiri pamoja na la baba na babu yake, siku aliyoondoka, anakokwenda, anaofuatana nao, na madeni yake. Habari zikikatika, pelekeni taarifa msikitini na polisi, na atumwe mtu hadi mahali alipoonekana mara ya mwisho. Ikithibitika kwamba amefariki, kifo kisajiliwe RITA na kaburi lake lijulikane. Allah ametuamrisha kuliandika deni, dogo au kubwa, ili haki isipotee. Basi vipi mwanadamu, ambaye ndani yake mna haki za mke, watoto na wazazi?

Tunamwomba Allah awarejeshe walio hai miongoni mwa waliopotea, na awarehemu waliotangulia katika ardhi za ugenini. Amin.

Wabillahi tawfiq.