Bei ya pikipiki ya marehemu



Mavuno yanapokwisha hapa Ufipa, na mahindi yakishauzwa, biashara ya pikipiki hushamiri. Vijana wa Mazwi huenda Laela, Mpui na Matai kutafuta zile kuukuu zilizotelekezwa mabandani, kwa kuwa mpya imewashinda bei. Hilo hatuna neno nalo. Kununua kilichochakaa na kukifufua ni kazi ya halali, na wazee wa Kifipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo kisha wakakirudia katika tanuru dogo ili kisafike, wangelielewa jambo hilo kuliko sisi. Neno letu ni juu ya bei, na hasa bei ya pikipiki ambayo mwenyewe amekwisha kufariki.

Mwaka huu tumeletewa shauri la namna hiyo. Mume amefariki, wazazi wake wakiwa wamemtangulia, akaacha mke, watoto wanne wadogo wa kiume na wa kike, na Honda CG 125 iliyokaa miaka sita katika banda la kuku. Ndugu wa marehemu, baba mdogo wa watoto hao, aliitaka kwa shilingi 150,000, akisema ni mkweche: tairi zimepasuka, tangi limeota kutu, na kiki haishuki. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Mjane aliridhika, akaja kwenye kamati ya msikiti kutafuta mashahidi tu wa kuandikiana.

Tulimwomba fundi asiye na maslahi yoyote akaitazame. Yeye hakuanza na kutu. Alianza na kadi. Alilinganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizoandikwa, kwani pikipiki isiyo na kadi haina bei ya pikipiki, ina bei ya spea. Kisha alifungua plagi, akamimina oili kidogo ndani ya silinda, akaiacha ilale. Kesho yake pistoni ilisogea. Injini haikuwa imekufa, ilikuwa imekwama kwa kukaa.

Jambo la tatu ndilo ambalo mjane asingeweza kulijua kamwe. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1976, injini yake ni nyepesi kuifahamu, na viwanda vingi vya China viliiga mtindo wake. Kwa hiyo spea nyingi zinazoingiliana nayo zinapatikana katika maduka ya kawaida. Lau ingekuwa Yamaha au Suzuki ya miaka hiyo hiyo, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, spea zingetafutwa mbali na kwa bahati, na bei ya kununulia ingestahili kushuka sana. Uzee wa chombo, basi, si hoja peke yake. Huulizwa kwanza kama kinafufuka, na kwa gharama gani.

Hesabu ya fundi ilikuwa hivi. Iliyo kama hiyo, ikiwa inatembea, ingeuzwa kwetu kwa shilingi 800,000. Tairi na tyubu, cheni na sproketi zake, kabureta, nyaya, kuchonga silinda na pistoni mpya, pamoja na ujira wake, shilingi 350,000. Zimebaki 450,000. Akaondoa 50,000 nyingine kwa sababu injini haijafunguliwa na mnunuzi hajui atakachokikuta ndani. Bei ya haki, 400,000. Nyumbani kwa msomaji tarakimu zitakuwa nyingine, lakini njia ni hiyo hiyo.

Mjane aliposikia alisema maneno ya mtu mwema: kwamba huyu ni shemeji yake, amemsaidia wakati wa msiba, na yeye amemsamehe hiyo 250,000 iliyopungua. Hapa ndipo tulipolazimika kumzuia. Mke wa marehemu aliyeacha watoto hurithi thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Katika hiyo 250,000, iliyo yake ni 31,250. Hiyo anaweza kuisamehe, na ujira wake uko kwa Allah (s.w.). Iliyobaki, 218,750, ni ya watoto wanne ambao hawajabaleghe, na hakuna mtu mwenye ulimi wa kusamehe kwa niaba yao, hata mama yao mzazi. Onyo la Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma linajulikana na kila aliyepita madrasa. Tunalolisahau ni kwamba mali hiyo huweza kuliwa kwa punguzo la bei, watu wakicheka na kunywa chai.

Waislamu walipotaka kujenga msikiti Madina, kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure. Mtume (s.a.w.) alikataa mpaka kikanunuliwa. Msikiti wenyewe ulilipiwa, itakuwaje pikipiki?

Na mnunuzi naye? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mtu mzima akiuza chake kwa bei ndogo bila kudanganywa, biashara haivunjiki kwa sababu hiyo tu. Hata hivyo imepokewa kwamba Jarir bin Abdillah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirham 300, akamwambia mwenye farasi kuwa anastahili zaidi, akawa anaongeza hadi 800, kwa kuwa alimbai Mtume (s.a.w.) juu ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Hatumlazimishi kila kijana wa Mazwi awe Jarir. Lakini mali ya yatima ina sharti lake: haiuzwi chini ya bei ya mfano wake, na msimamizi hajiuzii mwenyewe.

Sharti hili la mwisho lilimgusa huyo baba mdogo, kwa sababu ukoo ulikuwa umempendekeza yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Aliyapokea kwa utulivu, tunamshukuru. Kikao cha ukoo kilimteua mjomba wa watoto badala yake, naye ndiye aliyekwenda Mahakama ya Mwanzo, maana kadi iliyo katika jina la marehemu haihamishwi TRA bila ya msimamizi aliyethibitishwa.

Baba mdogo ameinunua kwa 400,000: nusu taslimu, nusu akishauza alizeti. Imeandikwa mbele ya mashahidi wawili, na tarehe ya kumaliza deni imetajwa. Kadi iko kwa mjomba hadi siku hiyo. Pikipiki imekwisha kuondoka bandani, na fundi ameanza na kabureta.