Gesi imetoka, riwaya iko wapi?

Nina ugomvi na waandishi wetu, na leo nausema hadharani. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Sasa bomba la zaidi ya kilomita 500 linaipeleka Dar es Salaam. Nitajieni riwaya moja ya Kiswahili ambayo gesi hiyo ndiyo kisa chake. Mimi nimetafuta mpaka nimechoka.

Mtasema hayo ni mambo ya wahandisi na wachumi. Hapana jamani. Kabla ya bomba huja maneno. Tazameni tuliyopewa: neema, fursa, wadau, mwekezaji. Anayekuja kuchimba na kuondoka na mali, eti jina lake linatokana na kuweka! Nani kati yetu amelishika neno hilo akalikung'uta?

Watu wa Mtwara walikuwa na maneno yao mawili tu: gesi haitoki. Waliandamana nayo Desemba 2012, wakayarudia 2013, hadi watu wakapoteza maisha. Wakaitwa wachochezi na wabinafsi. Mimi nakubali kwamba mali ya Mtwara ni ya taifa zima. Lakini walikuwa wameshaona korosho zao zikipakiwa ghafi kwenda kubanguliwa ng'ambo, ndipo wakauliza: na hii itatuachia nini? Swali hilo peke yake linatosha kufungulia riwaya.

Wasomaji nasi tusijifiche. Novemba 2014 kamati ya Bunge iliagiza wakuu wawili wa TPDC wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba ya gesi. Yaani wabunge wenyewe walikuwa hawajaiona! Mwaka uliofuata miswada mitatu ya mafuta na gesi ikapita kwa hati ya dharura. Sisi tunaogombana wiki nzima juu ya vina na mizani, je, tuliwahi kudai kuisoma mikataba hiyo, tena kwa Kiswahili?

Marehemu Chachage hakusubiri kualikwa. Mwaka 2002 alitoa *Makuadi wa Soko Huria*, na tusi limo kwenye jalada lenyewe. Alikuwa mwanasosholojia, angeweza kuishia kwenye ripoti. Akachagua riwaya. Ripoti itakuhesabia futi za ujazo trilioni 57, lakini haitakueleza mtu anawaza nini anapokata kuni kando ya bomba la gesi.

Kule Likong'o, Lindi, wakazi walisubiri fidia kwa miaka ili kupisha kiwanda cha gesi ambacho mazungumzo yake yamekuwa hayaishi. Miaka yote hiyo ya kungoja, nani ameiandika? Mwandishi, panda basi uende. Ukichelewa, itaandikwa na ofisa uhusiano wa kampuni, na neno la kwanza litakuwa "neema".