Gamba la Nyota: Istilahi na Picha ya Anga la Chaka

Wasafiri waendao Nanyuki huijua Chaka kwa soko lake na nyama choma. Ni wachache waijuao kwa anga lake. Mji huu wa Kaunti ya Nyeri, ulio baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, umekaribia mno ikweta, hata mwenye darubini ya kawaida akijitenga kidogo na taa za barabara kuu huweza kuziona nyota za kusini na za kaskazini kwa usiku mmoja. Katikati ya Januari, yapata saa nne usiku, kundi la nyota liitwalo Sungura huwa karibu na utosi. Humo mna kitu kidogo kilichoorodheshwa na wanafalaki kwa jina la IC 418. Atafsiriye neno kwa neno kutoka Kiingereza atakiita “nebula ya sayari”. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba tafsiri hiyo haifai.

Kukipiga picha si kazi nyepesi. Upana wake ni takriban sekunde 12 za pembe, na ingehitajika mithili ya 150 vya namna hiyo kuupima upana wa mwezi mpevu. Katika darubini ndogo hudhaniwa kuwa nyota tu. Mpiga picha hufungua kamera kwa sekunde chache, akarudia mara nyingi, kisha akazirundika picha hizo kwa programu ya kompyuta hadi umbo lijitokeze. Aghalabu hutumia kichujio kipitishacho mwanga wa oksijeni wa nanomita 500.7. Zaidi ya hayo, darubini sharti ifuate mwendo wa anga, na mhimili wa stendi yake uelekezwe kwenye ncha ya anga. Kwa mtu wa Chaka ncha hiyo imelala kwenye upeo wa macho, na baadhi ya stendi, zilizoundwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, hazikubali kuinama kiasi hicho. Hapo hulazimika kuweka kabari.

Sasa picha imepatikana: duara, na katikati yake nyota moja. Sayari iko wapi? Haipo. Jina hilo lilitokana na William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranusi mwaka 1781. Katika miaka iliyofuata aliona viduara vififu vilivyofanana na sayari hiyo machoni pake, akavipa jina kwa mfanano huo. Mwaka 1864 William Huggins aliupambanua mwanga wa kimojawapo, akabaini kuwa ni gesi. Leo ni bayana kuwa hiyo ni gesi iliyovuliwa na nyota inayozeeka, nayo hutanuka na kutoweka baada ya makumi ya maelfu ya miaka. Waingereza wamelizoea kosa lao, na hiyo ni haki yao. Kiswahili hakikuwapo Herschel alipokosea. Kwa nini kirithi deni?

Wapo watakaodai kuwa istilahi za kimataifa ziachwe zilivyo ili mwanafunzi asipotee asomapo ng’ambo. Dai hilo lina uzito kwa neno “nebula”, ambalo halimdanganyi mtu. Kwa “sayari” halina. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya mwendo. Nebula hizi hazitangitangi angani kama Zuhura au Mirihi. Mwalimu atakayelitumia darasani atalazimika kwanza kulikana.

Jina linalopendekezwa ni “gamba la nyota”. Nyoka hujivua gamba akaendelea kuishi. Nyota nayo huvua tabaka zake za nje, kiini kikabaki. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa. Hata Kilimia lilipewa jina kwa kazi ya kulima, si kwa kunakili. Ni kweli kwamba baadhi ya magamba haya, kama NGC 6302, yana umbo la mbawa mbili, na gamba la nyoka halitanuki. Lakini kasoro hiyo ni ya umbo tu. “Nebula ya sayari” hukosea kitu chenyewe.

Wataalamu wa istilahi, wa BAKITA na wa vyuo vikuu, wana nafasi ya kulijadili, kulikataa au kuleta lililo bora. Kwa sasa, chini ya picha itakayopigwa Chaka, yatosha kuandikwa: “IC 418, gamba la nyota, kundi la Sungura.”